Kaya moja ya Nkuhungu na mzigo wa Januari: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kinahusu kaya ya watu watano inayoishi katika nyumba ya kupanga Nkuhungu, jijini Dodoma: baba anayefanya kazi ya saidia fundi kwenye majengo, mama anayekaanga na kuuza maandazi asubuhi, binti wa darasa la tatu, mdogo wake wa miaka 5, na mtoto wa mwisho ambaye Januari ya kisa hiki alikuwa na miezi 14. Majina nimeyaacha kwa makusudi. Bei ninazozitaja ni zile walizolipa wao wakati huo. Msomaji wa mwaka mwingine azisome kwa uwiano wake.

Nimekichagua kwa sababu kinapingana na ushauri ambao familia zenye kipato kidogo hupewa kila zinapolalamika, kwamba zipunguze matumizi. Katika kaya hii hapakuwa na cha kupunguza isipokuwa chakula cha watoto, na ndicho kilichopunguzwa. Naamini tatizo lao kubwa lilikuwa majira ya fedha: iliingia kidogo kidogo kila siku, ilhali gharama nzito zilisubiriana na kuangukia mwezi mmoja, tena mwezi ambao kazi ni chache na chakula ni ghali.

Fedha ilivyoingia na ilivyotoka

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, na hasa baada ya mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, kazi za ujenzi zimeongezeka kuanzia Mtumba hadi Iyumbu, na vijana wengi wa Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Chamwino wamezifuata. Baba wa kaya hii alitoka Kongwa. Siku anayopata kazi hulipwa shilingi 15,000, na mwezi wa kawaida hupata siku 16, yaani shilingi 240,000. Mama, baada ya kuondoa unga wa ngano, mafuta, sukari na mkaa, hubakiwa na faida ya shilingi 3,000 kwa siku, ambayo kwa siku 25 ni shilingi 75,000. Wote wawili wanaleta nyumbani shilingi 315,000. Lakini kuhamia kulekule kulikoleta kazi ndiko kulikopandisha kodi za nyumba: chumba na sebule wanavyokaa ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba hupokea ya miezi mitatu kwa mkupuo.

Katika mwezi mzuri hesabu hufungana kwa shida. Kilo 45 za sembe, mkaa, maji ya dumu, umeme, nauli ya daladala, mboga, maharage, dagaa na sabuni, ukijumlisha na kodi, hufika shilingi 290,000 na zaidi, na kinachobaki humezwa na dawa ya kikohozi au rambirambi ya msiba. Kuhusu umeme niseme hili tu: wapangaji wanne wanatumia mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kwa kuwa bei nafuu ya majumbani inawalenga wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hata familia inayowasha taa mbili inajikuta inalipa bei ya juu kwa sababu tu ya kuchangia mita.

Kilichoumiza zaidi ni namna fedha ilivyofika jikoni. Siku ya kazi baba aliacha shilingi 8,000 za matumizi. Siku isiyo na kazi aliacha 3,000 au hakuacha kitu. Kwa fedha ya namna hiyo mama hawezi kununua ila kwa kupima. Lita ya mafuta ya alizeti ilikuwa shilingi 6,000, lakini yeye alinunua kipimo cha 500, ambacho tulipokijaribu kilikuwa na mililita 60 tu, na kwa hesabu hiyo lita moja ilimgharimu zaidi ya shilingi 8,300. Sukari aliinunua kwa robo, mkaa kwa kopo, sembe kilo moja na nusu kila jioni. Mwenye duka hamwibii, kwa kuwa naye ana kazi ya kupima na mafuta yanayobaki kwenye kikombe. Ila tofauti ile hulipwa na yule asiye na elfu sita kwa pamoja.

Nilipokaa jikoni kwao niliona jambo ambalo sijalisahau. Dumu la lita 5 la mafuta ya maandazi lilikuwa limewekwa kwenye kona, hatua mbili kutoka jiko lilelile ambalo mama alikuwa akikaangia mchicha kwa mafuta ya kupima. Alikuwa amefundishwa kwenye kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, kwamba mtaji usiguswe, na alilishika fundisho hilo kwa uaminifu mkubwa. Hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kujiuzia mwenyewe: kuchukua kipimo kutoka kwenye dumu na kuweka fedha yake kwenye kopo la biashara, kwa bei ya dumu.

Januari

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mavuno huja kuanzia Mei. Kwa hiyo kati ya Januari na Machi maghala ya vijijini yanakuwa yamepungua na bei ya nafaka ipo juu. Kilo ya sembe iliyouzwa shilingi 1,300 Julai ilifika 1,800. Mvua hiyohiyo husimamisha uchimbaji wa misingi na umwagaji wa zege, na baba alipata siku 10 tu za kazi mwezi mzima.

Ada katika shule za msingi za Serikali ilikwisha kuondolewa zamani, na mwaka 2016 mpango wa elimu bila malipo ukaondoa na michango ya lazima; kwa familia ya namna hii huo ulikuwa msaada mkubwa ambao haupaswi kudharauliwa. Hata hivyo sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula wanaokubaliana wazazi vimebaki kuwa vya mzazi, na mwaka huo mtoto wa pili alikuwa anaanza darasa la awali. Sare mbili zilikuwa shilingi 46,000, viatu pea mbili 28,000, madaftari na kalamu 12,000 na mchango wa chakula 18,000. Jumla shilingi 104,000. Juu ya hapo kodi ya miezi mitatu, shilingi 180,000, nayo iliangukia Januari kwa sababu tu walihamia nyumba ile mwezi wa Januari, na tangu hapo mzunguko ukawa Januari, Aprili, Julai na Oktoba bila yeyote kuuliza kama ni lazima iwe hivyo. Mahitaji hayo yalifika shilingi 284,000 kabla hawajala, na kipato cha mwezi kilitarajiwa kuwa shilingi 225,000.

Walikuwa na akiba ya shilingi 90,000. Haikutosha, na mama akakopa.

Mikopo aliyoiendea ndiyo watu wanayoiita kausha damu. Alipewa shilingi 100,000 siku hiyohiyo, kwa sharti la kurudisha shilingi 5,000 kila siku kwa siku 26, dhamana ikiwa magodoro mawili na redio. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayekopesha awe na leseni, lakini mama mwenye watoto wawili wanaosubiri sare haombi kuonyeshwa leseni. Mkopeshaji alimwambia riba ni asilimia 30. Ukweli ni mzito zaidi ya hapo, kwa sababu tangu siku ya pili alianza kuirudisha fedha yenyewe, hivyo kwa wastani wa mwezi alikuwa ameshika nusu tu ya alichokopa huku akilipa riba ya fedha yote.

Hata hivyo riba ya shilingi 30,000 si jeraha kubwa katika kisa hiki. Faida yake kwa siku ilikuwa shilingi 3,000 na rejesho lilikuwa 5,000. Zile 2,000 zilizopungua alizichota kila siku kwenye mtaji wake wa shilingi 40,000, na siku ya 20 hapakuwa na fedha ya kununua unga wa ngano. Maandazi yakasimama kwa siku 24 za biashara, maana yake faida ya shilingi 72,000 haikupatikana. Ukijumlisha na riba, mkopo wa shilingi 100,000 uliigharimu kaya hii shilingi 102,000. Mama alipoliona hesabu hilo limeandikwa kwenye daftari la mtoto, alinyamaza, kisha akasema kwamba angejua angepeleka watoto shule na sare zilizopauka.

Baba hakujua lolote hadi mkusanyaji alipobisha hodi jioni moja na kuuliza, "Shemeji, mama watoto yupo? Leo ni siku ya pili hajaleta rejesho." Baba alisubiri watoto walale ndipo akauliza.

"Mama watoto, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungetoa wapi, baba? Siku ile ulirudi na matope tu."

Jibu hilo lina ukweli, na ndiyo maana sioni sababu ya kumlaumu mama kwa siri yake. Alijibebesha peke yake kwa sababu fedha katika nyumba ile ilizungumzwa kwa siku, kila asubuhi, kabla baba hajatoka. Hapakuwa na mahali ambapo Januari ingeweza kuzungumzwa mwezi Septemba.

Mtoto wa miezi 14

Kliniki ya Februari, mstari wa uzito kwenye kadi ya mtoto ulikuwa umelala kwa mwezi mmoja na sasa unaelekea chini. Muuguzi hakumgombeza mama. Alimuuliza mtoto anakula nini na mara ngapi kwa siku. Jibu lilikuwa uji wa sembe wenye sukari asubuhi na mchana, jioni ugali laini na mchuzi wa mboga ya wakubwa, na kunyonya usiku. Maziwa ya mama bado yana faida kubwa hadi miaka miwili, lakini baada ya miezi sita hayatoshi peke yake, na tumbo la umri huo ni dogo kiasi kwamba uji mwepesi hulijaza kabla haujalilisha. Anahitaji kula mara nyingi, na kila mara chakula kiwe na mafuta na protini.

Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana udumavu. Ninapoisoma namba hiyo naona miezi ya namna hii, ambayo mzazi hakumnyima mtoto chakula kwa uzembe bali alimjaza tumbo kwa kile kilichopatikana. Katika miaka miwili ya kwanza urefu uliopotea ni vigumu kuurudisha, na kwa sababu hiyo chakula cha mtoto wa umri huu ndicho kinachopaswa kuguswa mwisho kabisa, hata baada ya sare na hata baada ya kodi. Mwenye nyumba anaweza kuombwa wiki mbili.

Aliyeleta mwanga ni bibi wa watoto, aliyekuja kutoka Kongwa na nusu debe la karanga. Alikionja kikombe cha uji akasema, "Mwanangu, huyu mtoto mnampa maji meupe." Kesho yake alitwanga karanga, akazikoroga kwenye uji, na jioni akapika mlenda mkavu wa karanga kama anavyoupika kwake. Hesabu ilithibitisha alichokifanya. Robo ya sukari ya shilingi 750 ilikuwa ikiisha kwa siku mbili, zaidi ya shilingi 11,000 kwa mwezi, na karanga zilikuwa shilingi 4,000 kwa kilo. Walipopunguza sukari kwa nusu walipata kilo moja na zaidi ya karanga kila mwezi bila kuongeza senti, na unga wa ubuyu ukachukua nafasi ya ladha iliyopungua.

Bibi huyohuyo ndiye aliyemfundisha mama kuchambua. Alizimwaga karanga kwenye ungo karibu na mlango, penye mwanga, akaondoa moja moja zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, na hakuruhusu hizo zitwangwe hata kwa ajili ya wakubwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na fangasi wa ukungu, na sumu hiyo haimalizwi kwa kupika. Karanga hushambuliwa na fangasi walewale.

Walivyopanga upya

Walianza na mwenye nyumba, mwezi Machi. Ni mama mtu mzima anayeishi ua uleule, na walikwenda wote wawili. Baada ya shikamoo na marahaba waliomba walipe kodi kila mwezi. Alikataa, na sababu yake ilikuwa ya haki: "Wanangu, mimi nami nasomesha. Hiyo miezi mitatu ndiyo ada ya mdogo wenu chuoni. Mkinipa kidogo kidogo italiwa." Waliporudi mara ya pili walikuja na ombi jingine, kwamba Aprili walipe miezi miwili, kisha waendelee na mitatu mitatu kama kawaida. Hakupoteza chochote, na mzunguko ukahamia Juni, Septemba, Desemba na Machi. Januari ikabaki na shule peke yake. Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu halikuhitaji hata shilingi moja.

Baba alianza kutenga shilingi 2,000 za kodi kila siku ya kazi kwenye kibubu cha simu kabla ya kufika nyumbani, na mama shilingi 1,000 kila siku ya biashara. Kwa mwezi wa kawaida hiyo ni shilingi 57,000, karibu sawa na kodi yenyewe. Mtaji wa maandazi ulirudishwa na baba kwa siku chache za kazi za mwezi Machi.

Hatua iliyobadilisha hali yao kweli ilikuwa mahindi. Julai, kwa zamu ya mama katika mchezo wa kuchangiana fedha wa wanawake wa mtaa, shilingi 50,000, na kazi ya baba iliyokuwa nzuri mwezi ule, walinunua magunia mawili ya kilo 100 kupitia kwa bibi, moja mwanzoni na la pili mwishoni mwa mwezi. Magunia yaligharimu shilingi 140,000, usafiri 10,000, mifuko miwili ya kinga njaa 10,000, na kusaga debe baada ya debe kungefika 20,000. Jumla shilingi 180,000. Walipata karibu kilo 190 za dona, ambazo kwa bei ya dukani ya Februari zingekuwa shilingi 342,000. Tofauti ni shilingi 162,000. Hakuna posho, hakuna kazi ya ziada na hakuna kubana kunakoweza kuiletea kaya hii kiasi hicho.

Mfuko wa kinga njaa una tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, na ukifungwa vizuri wadudu hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote, jambo la thamani kubwa katika nyumba ambayo watoto wanalala chumba kimoja na nafaka. Lakini mfuko haukaushi mahindi. Yakiingia na unyevu yataoza humo humo. Bibi aliyaanika hadi punje ilipokatika kwa mlio chini ya jino ndipo akaruhusu yafungwe. Magunia yalikaa sebuleni juu ya mbao, na watoto wakayafanya kiti.

Kuyatunza kulikuwa kugumu kuliko kuyanunua. Oktoba, kazi zilipopungua kwa wiki mbili, baba alitaka kuuza gunia moja kwa kuwa bei ilikuwa imefika shilingi 90,000. Mama alikataa, na nadhani alikuwa na haki: gunia ambalo kwa gharama zote za ununuzi lilifika shilingi 80,000 lingewapa faida ya 10,000, kisha Februari wangenunua sembe ileile kwa kilo. Walianza kula mahindi yao katikati ya Desemba na yaliwafikisha Aprili. Binti mkubwa alilalamikia dona wiki ya kwanza, akisema ni chakula cha bweni. Walikoboa debe moja kwa ajili ya Krismasi, kisha wote wakazoea dona.

Januari iliyofuata sare zilinunuliwa bila mkopo, na viatu vya mkubwa vilishonwa badala ya kununuliwa vipya. Mstari kwenye kadi ya mtoto wa mwisho ulikuwa umepanda tangu Mei, ingawa uzito wake bado ni mdogo kwa umri wake na muuguzi anaendelea kumfuatilia.

Mipango hii haikugusa udhaifu mkubwa zaidi wa kaya. Februari baba aliumia mkono kazini na kukaa nyumbani wiki mbili bila malipo. Nchi ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, unaochangiwa na waajiri, lakini kibarua anayelipwa jioni mkononi, bila jina lake kuandikwa popote, hana wa kumpelekea madai. Mahindi yaliwalisha wiki hizo. Kibubu cha kodi kilikwisha, na Machi mwenye nyumba alipokea shilingi 120,000 na kuisubiri 60,000 iliyobaki kwa siku 20.

Kwa Julai ijayo mama alipeleka hoja kwenye kikoba chake kwamba mzunguko uvunjwe Juni badala ya Desemba, ili wanachama wapate fedha ya mahindi. Wengi walikataa, kwa sababu mgao wa Desemba ndio unaowanunulia sare, na hoja yao ni nzito kama yake. Basi wanawake wanne wa ua ule, mwenye nyumba akiwa mmoja wao, wameanzisha mfuko wao wa pembeni: kila mmoja anaweka shilingi 5,000 kwa wiki kuanzia Machi kwa wiki 16, wanunue magunia pamoja na kuchangia gari moja. Sanduku linakaa kwa mwenye nyumba, na funguo tatu za makufuli yake ziko kwa wale watatu wengine. Wamekubaliana kwamba mpangaji atakayehama kabla ya Julai atarudishiwa fedha zake zote bila makato.